Majina ya Watu katika Hati za Utambulisho: Karatu na Ngorongoro

Mtu wa Karatu atakaye pasipoti hupita mbele ya madirisha matatu. La kwanza ni la Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ambako jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na alama za vidole vyake huingizwa katika daftari la Taifa. La pili ni la benki, au la wakala wa benki, au siku hizi simu yake mwenyewe, ambako hulipa ada. La tatu ni la Uhamiaji mjini Arusha, mwendo wa kilomita 140 hivi, ambako huulizwa maswali na kuchukuliwa picha. Katika nchi nyingine madirisha haya yameanza kuunganishwa. Afrika ya Kusini, kwa mfano, tangu mwaka 2016 raia wameweza kuomba kitambulisho na pasipoti ndani ya baadhi ya matawi ya mabenki makubwa ya nchi hiyo. Tanzania haikufuata njia hiyo: hapa benki hupokea fedha, haipokei maombi. Hata hivyo benki ndiyo mahali ambapo jina la mtu hupimwa mara nyingi kuliko popote pengine, maana kila afunguapo akaunti, kila achukuapo mkopo, na kila apelekapo hati mpya, jina lililo katika karatasi hulinganishwa na jina lililo katika daftari, herufi kwa herufi.

Jambo hili kwa kawaida huzungumzwa kama jambo la mashine na makarani. Hapana shaka ni hivyo kwa sehemu. Lakini katika wilaya za Karatu na Ngorongoro ni jambo la lugha kwanza, kwa sababu katika eneo hili dogo jamii zote kubwa za lugha za Afrika hukutana: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kimaasai na Kidatooga ambazo ni za Kinailoti, Kihadza kandokando ya Ziwa Eyasi ambacho hakijapata kuthibitishwa kuwa na ndugu yeyote, na Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Kibantu. Fomu ni moja, nayo ni ya Kiswahili. Majina yanayoingizwa humo yametoka katika lugha ambazo sauti zake, na hata fikira zake juu ya jina ni kitu gani, si zile za Kiswahili.

Yafaa kuanza na maneno ya hati zenyewe, kwa kuwa historia yake huonyesha jinsi mambo yalivyowafikia watu. Neno la zamani kuliko yote katika bara ni kipande. Kwa asili ni sehemu tu ya kitu kilichokatwa, na mtu angeweza kusema kipande cha mkate au cha nguo. Wadachi walipoanzisha kadi za kazi katika Usambara mwaka 1907, ambazo zilimlazimisha mwenyeji kufanya kazi siku 30 kwa mzungu, kadi hizo zikaitwa vipande. Na katika mashamba ya mkonge neno hilo likaendelea kuwa na maana ya hesabu ya siku 30 za kazi hata baada ya Wadachi kuondoka. Huko Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika achukue kipande chenye alama za vidole, nacho kikavaliwa shingoni katika kikopo cha bati hadi sheria ile ilipobadilishwa mwaka 1947. Kwa hiyo neno likapata ladha mbaya. Wazee wa Kenya bado huita kitambulisho kipande, na vijana huliiga kwa mzaha. Lakini serikali iliyo huru isingeweza kuliandika juu ya kadi yake.

Neno lililochaguliwa, kitambulisho, limeundwa vizuri kwa kanuni za Kibantu: kutambua, kutambulisha, na chombo cha kutambulisha. Hati na cheti ni maneno ya kuazima. Hati ni ya Kiarabu na asili yake ni mstari au mwandiko. Cheti limetoka Bara Hindi, nalo lilikuwa ni barua fupi. Katika matumizi ya ofisini maneno hayo mawili yamegawana kazi kimya kimya bila mtu kuamrisha: cheti ni karatasi ishuhudiayo jambo lililokwisha kutokea, kama kuzaliwa, ndoa au mtihani; hati ni karatasi ifanyayo jambo, kama hati ya kiapo, hati ya kiwanja au hati ya kusafiria. Hii ndiyo sababu jina rasmi la pasipoti, hati ya kusafiria, halisikiki vibaya, ingawa wengi husema pasi, neno ambalo lina mzigo mwingi mno, kwa kuwa hutumika pia kwa chuma cha kunyoshea nguo, kwa kufaulu mtihani, na kwa mpira unaopigwa kutoka mchezaji mmoja hadi mwingine.

Neno raia ndilo lenye kufikirisha zaidi kwa mtu aliye Ngorongoro. Katika Kiarabu latokana na kitenzi cha kuchunga mifugo. Raia walikuwa kundi, na mtawala alikuwa mchungaji wao. Kiswahili kimelisahau jambo hilo kabisa, na hakuna asomaye neno RAIA katika kadi akafikiri juu ya ng'ombe. Lakini ni ajabu kidogo kwamba mchungaji hasa wa Endulen au Nainokanoka, ili atambuliwe, lazima kwanza aandikwe kwa neno ambalo wakati fulani lilimweka yeye mwenyewe zizini.

Sasa kwa majina yenyewe. Fomu hutaka majina matatu: la kwanza, la kati, na la mwisho, na hili la mwisho huelezwa mara nyingi kuwa ni jina la ukoo. Mpango huu unafikiri kwamba mtu ana jina lake, na kwamba nyumba ina jina lake ambalo halibadiliki kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa watu wengi wa Karatu sivyo. Mwiraqw hupewa jina lake, kisha hufuata jina la baba yake, basi. Mfano ulio wazi kuliko wote umo katika vitabu vya sheria. Kesi mashuhuri ya ardhi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo wanasheria huijua kwa tarehe 1995 na ambayo ilithibitisha kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ilikuwa baina ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wakulima wawili wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, ambako siku hizi ni Wilaya ya Karatu. Wakulima hao walikuwa Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Mgeni akisoma majina hayo ataona watu wawili wasio na uhusiano. Mwenyeji ataona mara moja baba na mwanawe. Jina la mwisho la mwana ndilo jina la kwanza la baba. Kwa hesabu ya fomu, baba na mwana wana "koo" mbili.

Ingekuwa vyema kama tatizo lingeishia hapo, maana mtu angeweza kusema: waandike jina lake, la baba, na la babu, na mambo yamekwisha. Ndivyo wengi wafanyavyo, na ndivyo Kiswahili cha pwani kilivyofanya tangu zamani kwa kufuata desturi ya bin na binti. Lakini mtu mmoja huandikwa kwa namna hii katika cheti cha ubatizo, kwa namna nyingine katika daftari la shule, na kwa namna ya tatu mbele ya karani wa NIDA ambaye ana haraka na foleni ni ndefu. Katika karatasi moja jina la babu limeachwa. Katika nyingine jina la baba limeruka mbele ya jina la ubatizo. Mwanariadha Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya meta 1500 huko Christchurch mwaka 1974, jina lake kamili ni Filbert Bayi Sanka; ulimwengu ulimjua kwa jina la pili, na fomu ya leo ingemjua kwa la tatu. Kwa mtu mashuhuri hilo si neno. Kwa mkulima wa kitunguu wa Mang'ola aliyefungua akaunti kwa majina mawili na kusajiliwa NIDA kwa matatu, ni safari ya kwenda kwa wakili.

Kwa Wamaasai neno ukoo limezaa jambo jingine kabisa, ambalo lastahili kuangaliwa na kila mtu afasiriye fomu. Wamaasai wana koo kweli, na kila mtu ajua ukoo wake: Ilaiser, Ilmolelian, Ilukumai, Ilmakesen, na kadhalika. Koo hizi ni makundi makubwa yaliyotawanyika katika nchi nzima ya Wamaasai na Waarusha. Mmaasai alipoulizwa na karani wa shule au wa kanisa, "Jina la ukoo?", alijibu swali kwa Kiswahili sahihi kabisa: alitaja ukoo. Hivyo yakapatikana majina Laizer, Mollel na Lukumay, ambayo katika Mkoa wa Arusha ni mengi kama majani. Angalia pia tahajia: Kimaasai hakina sauti ya z, na wataalamu huandika Ilaiser, z ya Laizer ni alama ya Kiswahili juu ya jina la Kimaasai. Matokeo ni kwamba mtu na ndugu yake wa baba mmoja huweza kuwa na majina tofauti ya mwisho, kwa sababu mmoja alijibu swali kwa jina la ukoo na mwingine kwa jina la babu. Na wakati huo huo maelfu ya watu wasio ndugu wa karibu wana jina moja. Kosa halikuwa la Mmaasai wala la karani. Lilikuwa la neno, kwa sababu lile lililoitwa kwa Kiingereza jina la familia lilifasiriwa kwa neno ambalo katika Afrika ya Mashariki lina maana kubwa kuliko familia.

Halafu kuna ole. Katika Kimaasai jina la mwanamume huunganishwa na la baba au la nyumba kwa neno hili, ambalo maana yake ni "yule wa": Solomon ole Saibull, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kuwa Mhifadhi wa Ngorongoro, Tepilit ole Saitoti, mwandishi. Sarufi yake ni ya jinsia: l ni ya kiume, kama katika kiambishi ol-, na umbo la kike lina n, kama katika en-. Kwa hiyo msichana akiandikwa ole kwa sababu baba yake ameandikwa ole, sarufi ya Kimaasai imevunjwa. Naye akiandikwa kwa umbo la kike, mashine itasema hana jina moja na baba yake. Wengi wameikwepa taabu hii kwa kuliacha neno hilo. Waziri Mkuu wa zamani huandikwa Edward Moringe Sokoine, bila ole. Mahali linapobaki, huandikwa Ole kwa herufi kubwa kama kwamba ni jina, au huunganishwa na lifuatalo likawa neno moja, na mtu atafutwaye katika orodha chini ya S hupatikana chini ya O, au hapatikani.

Wadatooga wana utaratibu ulio wazi zaidi: majina mengi ya wanaume huanza na Gida- na ya wanawake na Uda-. Gidamis Shahanga, aliyeshinda mbio ndefu za Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, ni mfano ujulikanao. Hapa jina lenyewe hutaja jinsia, na karani mwenye kujua jambo hili dogo angeweza kugundua makosa mengi kabla hayajaingia daftarini.

Katika tahajia ndipo Kiiraqw kinapopata mzigo mzito kuliko wenzake. Lugha hii ilielezwa kisayansi na W. H. Whiteley katika miaka ya 1950, kisha kwa ukamilifu zaidi na Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993, nayo ina sauti kadha ambazo Kiswahili hakina hata kidogo. Kuna sauti za pembeni mwa ulimi, zinazoandikwa sl na tl: slee ni ng'ombe, tluway ni mvua, na Tluway ni jina la mtu. Kuna q inayotamkwa nyuma kabisa karibu na kimio, kama katika Qamara, na kama katika jina la kata ya Qurus, ambayo ni miongoni mwa majina machache ya serikali ya Tanzania yaandikwayo kwa herufi isiyo ya alfabeti ya Kiswahili Sanifu. Kuna hh, ambayo ni sauti ya kooni sawasawa na ile ya Kiarabu iitwayo ha, na kuna sauti ya 'ayn, ambayo wataalamu wa Kiiraqw huiandika kwa mstari mshazari. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mwandishi wa Lamu wa karne ya 19, mwenye kalamu ya mwanzi na herufi zake za Kiarabu, angeweza kuziandika sauti hizi mbili bila taabu, na kwamba kompyuta ya leo haiwezi.

Mswahili asikiapo Slaa, jina la padri na mwanasiasa aliyekuwa mbunge wa Karatu kutoka 1995 hadi 2010, hutamka s na l mbalimbali, na wengi hutia i katikati ili silabi iwe wazi kama ipasavyo katika Kiswahili. Hapo tahajia imeokoka kwa sababu mwenye jina ni mtu maarufu. Lakini Tluway huweza kuwa Tluwai, Tlway, hata Kluway, kwa sababu tl husikika katika sikio la Mbantu kama kl. Hhando huwa Hando. Irabu ndefu za Akonaay hufupishwa zikawa Akonay au Akonai. Hata katika maandishi ya wanasheria jina la kesi ile limechapwa kwa tahajia zaidi ya moja. Mwenye jina, akiulizwa ipi ndiyo sahihi, mara nyingi hana jibu, si kwa ujinga, bali kwa sababu hakuna shule iliyomfundisha kuandika Kiiraqw. Alifundishwa kuandika Kiswahili, na jina lake peke yake ndilo neno la Kiiraqw ambalo amepata kuliandika maishani.

Hata Kiswahili chenyewe hakisalimiki. Tofauti ya ng na ng' ni tofauti ya sauti mbili, nayo huonyeshwa kwa alama ndogo ya juu. Mang'ola pasipo alama hiyo si Mang'ola. Sasa katika ukurasa wa picha wa kila pasipoti duniani kuna mistari miwili ya chini isomwayo na mashine, yenye nafasi 44 kila mmoja, kwa kufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Katika mistari hiyo haziruhusiwi ila herufi A hadi Z, tarakimu, na alama moja ya kujaza nafasi, mfano wa ncha ya mkuki itazamayo kushoto. Mstari wa kwanza huanza na P, kisha TZA kwa Tanzania, kisha jina la mwisho, alama mbili za kujaza, na majina mengine. Alama ya juu hutupwa. Mstari mshazari hauna mahali. Wamaasai, Wairaqw na Wahadza, ambao mibofyo ya lugha yao huandikwa kwa c, q na x, hupita katika tundu lile lile la sindano.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina habari yake. Namba ya utambulisho ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Si kila namba ya utambulisho duniani hufanya hivyo, na katika nchi ambayo kwa muda mrefu Waafrika hawakulazimishwa kuandikisha vizazi vyao ni uamuzi wenye matokeo makubwa. Mzee wa Kimaasai ajua rika lake kwa hakika: ni Seuri, au Makaa, au Landis, au Korianga. Rika humweka mtu katika muda wa miaka kadhaa, na kwa shughuli zote za jamii yake hilo latosha. Fomu haina kisanduku cha rika. Kwa hiyo mwaka hukisiwa, na siku huwekwa ya kwanza ya mwezi fulani, na kisio hilo huwa sehemu ya namba ambayo mtu ataitaja mpaka kufa kwake. Baadaye kikipatikana cheti cha ubatizo chenye mwaka mwingine, si tarehe tu inayopingana, bali ni namba yenyewe.

Fomu huuliza pia jina la baba, awe hai au amekufa. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 waliosimulia desturi za Wamaasai walieleza kwamba jina la marehemu halikutajwa, na kwamba mtu wa nyumba ile aliyekuwa na jina kama hilo alibadilishiwa jina lake. Kadiri desturi hiyo inavyobaki kwa baadhi ya wazee, karani anayerudia swali kwa sauti kubwa, akidhani hakusikika, afanya jambo asilolijua.

Gharama ya haya yote ilionekana wazi laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole. Usajili ulianza Mei 1, 2019, na muda wa mwisho, uliokuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Kabla ya hapo mtu angeweza kujitambulisha benki kwa kadi ya mpigakura au barua ya mtendaji wa kijiji, na barua husomwa na binadamu. Binadamu akiona Akonay badala ya Akonaay huelewa. Tangu hapo kidole huwekwa juu ya kioo, na majina yaliyo katika daftari la NIDA huja yenyewe. Yasipolingana na ya akaunti, mwenye akaunti huambiwa akalete hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, au hati ya kubadili jina. Hati ya kiapo yataka wakili na fedha, na kwa mtu wa Kakesio au Olbalbal yataka kwanza nauli ya kwenda mjini Karatu, kulala huko, na kurudi. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake ilitangazwa kuwa shilingi 150,000. Kwa mwombaji ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina h moja na kadi yake ina mbili, hiyo si gharama yote, na pengine si nusu yake.

Na barua ya mtendaji bado inatakiwa, maana ndiyo mzizi wa ushahidi wote: mtendaji wa kijiji husema kwamba fulani anakaa hapa. Ushahidi huo wategemea kuwepo kwa kijiji. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Tarafa ya Ngorongoro, na watu wakatoka kwa wingi barabarani. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha. Magazeti yaliandika juu ya ardhi na uchaguzi, kama ilivyostahili. Lakini kwa majuma machache watu wengi walikuwa na namba za utambulisho zilizotolewa kwa ushahidi wa vijiji ambavyo, kwa maandishi ya serikali, havikuwepo. Waliohamia Msomera, Wilaya ya Handeni, tangu Juni 2022 walichukua namba zile zile; anwani ndiyo iliyobadilika, jina na kosa lililomo ndani ya jina vikahama nao.

Kuna mambo mawili ya lugha ambayo yangeweza kurekebishwa bila sheria mpya. La kwanza ni neno ukoo kuondolewa katika fomu, na badala yake kuulizwa "jina la baba" na "jina la babu". Maswali hayo yanajulikana na kila mtu, Mwiraqw, Mmaasai, Mdatooga na Mswahili, na yana jibu moja tu. La pili ni namna ya kuandika maelekezo ya malipo. Namba ile ya tarakimu 12, ianzayo kwa 99, ambayo mwombaji huipeleka benki, watu huiita "kontrol namba" kwa kuwa fomu na skrini hazikuwapa neno moja la kushika. Mahali pengine ni "namba ya kumbukumbu", mahali pengine "kumbukumbu namba", ambalo ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa sarufi ya Kiingereza, na mahali pengine "namba ya malipo". Hili la mwisho ndilo bora, kwa sababu husema namba ni ya nini. Na mtu asiyejua kusoma sana, akiambiwa na wakala kwamba hana namba ya malipo, ajua amekosa kitu gani.

La tahajia ni gumu zaidi, kwa kuwa halina mwenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina mamlaka juu ya Kiswahili, na jina Tluway si Kiswahili. NIDA ina mamlaka juu ya usajili, lakini haina mtaalamu wa kila lugha ya nchi, na haiwezi kutazamiwa kuwa naye. Makanisa ya Karatu na Mbulu yana maandishi ya Kiiraqw na yamekubaliana juu ya sl, tl, hh na q, ila makubaliano hayo hayajafika mezani kwa karani. Orodha ya kurasa chache, yenye majina ya kawaida ya Kiiraqw, Kidatooga, Kimaasai na Kihadza pamoja na tahajia zake, ingeweza kuwekwa katika kila ofisi ya usajili na kila tawi la benki katika wilaya hizi mbili. Isingekuwa amri. Karani angemwonyesha mwombaji, na mwombaji angechagua kwa kidole jina ambalo ataandikwa nalo, kabla kidole hicho hakijawekwa juu ya kioo.